Mbivu na Mbichi

Hombolo, nikiwa na miaka tisa,
mama alinipa mkasi na ndoo: kata zilizoiva.
Nikakata. Nikamaliza mistari miwili mizima
ya zabibu changa, kali kama ukwaju,
na mnunuzi akasimama na mizani yake, hana neno.
Fimbo niliikumbuka. Rangi sikuiona.
Tangu hapo nikajifunza kubonyeza tunda kwa kidole gumba:
lililoiva hulegea, bichi hubisha.
Sikumwambia mtu.

Sasa nalinda seva Mtumba, zamu ya usiku,
kabati sita nyuma ya mlango wa kadi.
Nje upepo wa Julai unasomba vumbi jekundu
(wanasema ni jekundu),
ndani kiyoyozi hakina huruma,
nami nimevaa koti la mtumba, hapa hapa Mtumba.

Dada Foibe Chilongani alinifundisha siku ya kwanza,
kalamu mkononi, akigusa taa moja moja:
"Kijani ni uzima. Njano ni malalamiko.
Ukiona nyekundu usiwaze, nipigie."
Ndiyo, dada. Nimeelewa, dada.
Kijani na njano, kwangu mimi, ni mapacha
waliovalishwa sare na mama mmoja.

Basi nikasoma mwendo.
Diski yenye kazi hukonyeza harakaharaka, ovyo,
kama mtu anayepepeta mtama huku anasimulia.
Inayoumwa hupepesa polepole, sawasawa,
kama anayehesabu deni.
Nyaya za mtandao hulala, hulala,
halafu saa mbili asubuhi ofisi zikifunguliwa
zinaruka zote kama mafuta kikaangoni.
Mwaka mzima nikapita hivyo. Nikasifiwa, hata.
"Huyu kijana ana jicho," Foibe aliwaambia wakubwa.

Alhamisi umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa, ikashika,
na kabati la nne likaamka na taa mbili
zimetulia tuli.
Diski ya tatu na diski ya saba, zimekodoa.
Moja nzima, inapumzika. Moja imekwisha.
Na humo ndani mna hati za viwanja vya watu,
Nzuguni, Iyumbu, Nala,
mna jina la mjane aliyepanga foleni siku tatu.
Ukichomoa mbovu, wenzake wataubeba mzigo.
Ukichomoa nzima,

Niliinua mkono. Kidole gumba kikatangulia,
kikaibonyeza diski kama tunda.
Chuma hakilegei.

Nikakaa sakafuni. Saa nane na dakika kumi.
Hapo nikaikumbuka taa isiyosifiwa na mtu,
ya buluu, isiyosema mzima wala mgonjwa,
inayosema tu: mimi hapa.
Mafundi huiwasha mbele ya kabati
wakizunguka nyuma wasipotee.
Buluu naiona. Buluu naiona sana,
niulize anga la Dodoma mwezi wa Agosti.
Nikaiandikia mashine amri, vidole vinatetemeka kwa baridi
au kwa kingine: unayeumwa, jitaje.
Nikageuka.

Ya saba.

Na mkono wangu ulikuwa umeigusa ya tatu.

Asubuhi Foibe akaingia na chupa ya chai. "Mbukwa."
Akasoma daftari, mstari mmoja, akaurudia.
"Uliwasha buluu. Ya nini?
Njano ile si ingeonekana hata mlangoni?"
Nikaitazama chai ikimiminwa,
kahawia au kijani, sijui, inatoa moshi.
Nikamweleza habari ya zabibu.

Hakucheka. Hakunipa pole pia.
Alifunika chupa, akauliza:
"Na mkasi ule, mama alikurudishia lini?"
"Bado," nikasema.
Akanisogezea kikombe.
Nyuma yake, kwenye diski ya saba, mpya,
buluu ilikuwa bado inawaka.
Nilisahau kuizima.